Fungu la Ndege

Siku ya kumi na mbili, mtama wa kwenye kopo ulikuwa bado wa kijani, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuuchukia.

Ulitakiwa ugeuke rangi siku ya nane. Ya tisa, kama tunauhurumia. Udongo uliokuwamo haukuwa wa mchezo: ulichotwa miaka saba nyuma chini ya karasha la Bulangale, pale mawe ya dhahabu yaliposagwa kutwa kucha na vumbi la madini ya risasi likatua juu ya vyungu, magodoro na nywele za watoto. Kituoni tuliuhifadhi kwenye pipa lenye kufuli, na kila msomaji wa majani alikuwa na kopo lake. Unapanda mnywasumu, mtama uliotengenezwa kufyonza sumu ya udongo, unangoja jani liwe zambarau, unaliweka mbele ya jicho la kipimo ili kipimo kikumbuke zambarau ni rangi gani, ndipo unakwenda shambani kusoma. Bila kopo, kipimo kile ni tochi ya bei mbaya.

Nilifanya yote anayofanya mtu asiyetaka kujua anachokijua. Nililihamishia kopo dirisha la mashariki. Nililinyima maji siku mbili, kisha nikalirudishia. Nilimsingizia mfagizi kwamba amebadilisha udongo, maskini ya Mungu, akaapa kwa jina la mama yake. Chai nikawa nainywa nimesimama. Kila baada ya dakika kumi nilikwenda kuchungulia, hadi Bwana Katunzi, mkuu wa kituo, akaniuliza kama nina mtoto mchanga pale dirishani.

Mbegu yenyewe haikuwa ya stoo. Ya stoo ilikuwa imekwisha, na lori la Mamlaka ya Udongo, kama kawaida yake, lilikuwa njiani. Niliyopanda ilikuwa ya mama yangu. Alinifungia kwenye pindo la kitenge siku nilipokwenda kumwona kambini kwa waliohamishwa Bulangale, akaniambia nikawaonyeshe wasomi wenzangu mtama unavyotakiwa kuwa. Punje nene, nyeupe, zinang'aa. Nilijivuna nazo, sitaki kusema uongo.

Asubuhi hiyo nikaung'oa.

Mmea ukiota kwenye sumu una njia mbili. Ama ufunge mlango kwenye mzizi, sumu ibaki nje, ama uiingize ndani na kuifungia stoo, mbali na sehemu zinazofanya kazi. Mtama wa kawaida hubabaika kati ya hizo mbili, hufanya hii nusu na ile nusu, mwisho hudumaa. Waliotengeneza mnywasumu waliunyang'anya ufunguo wa mlango. Mzizi wake hauwezi kukataa. Risasi hupanda pamoja na maji hadi kwenye jani, hufungiwa katika vifuko vidogo ndani ya seli, na vifuko vikijaa jani hugeuka zambarau na kujikunja. Shingo ya suke imezibwa, kwa hiyo punje hubaki safi. Majani tunayakata, yanapakiwa kwenye lori lililofunikwa, yanakwenda tanurini. Msimu baada ya msimu udongo hupungukiwa, mpaka siku jani linapobaki la kijani kwa kuwa hakuna tena cha kunywa. Ndiyo maana Mamlaka haipimi udongo, inapima jani. Juu ya mlango wa kituo chetu imeandikwa kwa rangi nyekundu: JANI HALIDANGANYI.

Niliuosha mzizi kwenye ndoo. Ulikuwa mfupi, mnene, umevaa ute ulioshikilia udongo mweusi kama ukoko wa ugali unavyoshikilia sufuria. Niliukata, nikauweka chini ya lenzi. Kulikuwa na mstari wa seli zilizokakamaa, zimesimama bega kwa bega, na risasi yote imelundikana nje ya mstari huo. Mtama wa mama yangu ulikuwa umeupata ufunguo wake tena.

Nikakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wiki moja kabla, kwa kopo la zamani (hili jipya lilikuwa la kuthibitisha cheti tu), nilikuwa nimesoma shamba zima la Bulangale, mstari kwa mstari, na kila jani lilikuwa la kijani. Nililia kwa furaha mbele za watu. Sasa ilikuwa Jumanne. Ijumaa saa sita mchana nilitakiwa kutia saini cheti cha kurudi, na familia mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimeshafunga mizigo. Na huo ulikuwa mwaka wa saba. Sheria inasema eneo lisilopata udongo safi hadi mavuno ya saba huzungushiwa uzio na kupandwa msitu, na waliohamishwa hawana chao tena pale.

*

Kipima udongo cha zamani nilikikuta stoo chini ya matairi mabovu. Ni chombo kizito chenye umbo la bastola, unaigusisha ardhi mdomo wake, unabonyeza, unangoja namba. Hakuna aliyekitumia tangu jani lilipopewa kazi yake. Nilikichaji wakati nikitafuta barakoa, nikakifunga nyuma ya pikipiki, nikaondoka bila kumuaga mtu.

Bulangale hakuna anayeishi. Kuta za nyumba zimesimama bila mabati, na kati ya kuta na mto kuna shamba moja tu kubwa, mnywasumu mtupu, kilomita moja urefu na karibu kilomita moja upana. Akina mama wa kambini huletwa kwa lori kulipalilia na kuondoka jioni. Siku hiyo masuke yalikuwa yamejaa, yameinamisha vichwa, na majani yalikuwa ya kijani kizuri mno. Ukisimama pale unaona mavuno, na mtu wa kwetu akiona mavuno moyo wake hutulia wenyewe. Wangu ulikataa.

Katikati ya shamba kipima kilitoa elfu tisa na mia moja. Zaidi ya mia nne, mtoto haruhusiwi kukanyaga. Nilifungua kumbukumbu za mwaka wa kwanza kwenye simu: elfu tisa, mia mbili na arobaini. Miaka saba ya jembe, malori na tanuri, na tulikuwa tumeondoa vumbi la kufuta kwa kitambaa.

Nilipima tena. Nikasogea, nikapima. Nikakimbia kabisa kati ya mistari, nikipiga magoti kila baada ya hatua hamsini, na kila mahali ilikuwa elfu tisa, elfu nane na mia nane, elfu tisa. Nilifika ukingoni natweta. Nikabonyeza kwa mazoea tu.

Mia moja na themanini.

Nikadhani chombo kimekufa. Nikarudi ndani hatua kumi: elfu tisa. Nikatoka: mia moja na sitini. Nilizunguka shamba lote, pande zake zote nne, jua likiwa utosini, na hesabu ikawa ileile. Pembezoni kulikuwa na utepe wa udongo safi, upana wake hatua saba, umelizunguka shamba kama pindo la kanga. Ndani ya pindo, sumu. Mnywasumu alikuwa ameifanya kazi yake kikamilifu, lakini hapo tu.

Sikuelewa kitu, na nilimjua mtu mmoja tu wa kumuuliza.

*

Mama yangu anaitwa Ng'walu, lakini kambini wanamwita Mama Mbegu. Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha mbegu tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kugombea naye. Nilimkuta mlangoni pa chumba chake cha mabati, na ungo mapajani, anapepeta. Vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa. Hata kigoda alichokalia kilikuwa kimefungwa kamba.

Mwanangu Sayi alikuwa ndani akiimba. Nikiwa kazini hukaa na bibi yake. Tulipoondoka Bulangale alikuwa na miaka mitatu na alikuwa ameshapata degedege mara nne. Sasa ana kumi. Anajua kucheka, anajua nyimbo zote za kambi, lakini vifungo vya shati vinamshinda, na jina lake akiliandika huishia herufi ya pili.

Nilimuuliza mama, "Mayu, mbegu mlizopanda kule miaka yote hii mlikuwa mnazitoa wapi?"

Alicheka. Aliniuliza kama shule imenisahaulisha. Mwaka wa kwanza magunia ya Mamlaka yalifika kwa wakati. Mwaka wa pili mvua ilianza Novemba na magunia yakaja Januari. Mvua haingoji lori. Kwa hiyo walifanya kama walivyofundishwa na mama zao: kabla ya mavuno walipita shambani na kamba za katani shingoni, wakayafunga kamba masuke bora, marefu, yenye majani ya kijani yasiyo na doa, wakayavuna peke yake na kuyatundika juu ya moshi wa jiko. Tangu hapo hawakungoja tena gunia la mtu. Karatasi ilisema mbegu ya Mamlaka hairudiwi kupandwa, lakini karatasi, alisema mama, haijawahi kulima.

Na mimi nilijua. Hilo ndilo lililonichoma. Mwaka wa tatu nilikuwa likizo, nikapita naye kwenye mistari hiyohiyo, kamba shingoni, cheti changu cha chuo kikiwa ofisini ukutani. Nilifunga masuke kama arobaini. Mama alinisifu kwa watu kwamba nina jicho.

"Na pembezoni?" nikauliza. "Zile hatua saba za mwisho. Kule mlipanda nini?"

"Fungu la ndege," alisema, akinishangaa. "Umesahau hata hilo? Pembezoni unapanda mbegu mbovu. Kwelea wakija wanakutana nazo kwanza, wanashiba, hawaingii ndani. Mbegu nzuri haipotezwi kwa ndege."

"Mbovu ni zipi?"

"Zile zilizodumaa. Majani yamegeuka rangi, yamejikunja. Masuke mabovumabovu, ya kutia huruma."

Nikauchukua ungo mapajani mwake, nikauweka chini, kwa sababu sikutaka awe ameshika kitu. Kisha nikamwambia. Sikumwambia vizuri. Nilizungukazunguka, nikataja mizizi na vifuko na milango, hadi akaniambia niongee kama mtu. Basi nikasema kwamba mtama uliodumaa ndio uliokuwa unafanya kazi. Ule mzuri ulikuwa mzuri kwa sababu uliacha kunywa. Kila mwaka walimchagua mvivu wakampa shamba, wakamtupia ndege mchapakazi, na baada ya miaka saba udongo wa Bulangale ulikuwa vilevile, umefunikwa na mtama wa kupendeza.

Mama aliinama chini. Aliokota punje tatu zilizokuwa zimeanguka, akazirudisha kwenye ungo, moja, moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na hiyo mashine yao inasoma jani."

"Ndiyo, mayu."

"Basi tia saini," alisema.

Nilitaka kuinuka, akanishika mkono. Alisema miaka saba anakula unga wa mgao kwa kadi. Alisema baba yangu amelala kule peke yake na kaburi lake limeota majani ambayo hata jina hayana. Wakizungushiwa uzio Ijumaa, hakuna wa kwetu atakayekanyaga pale tena milele, na atakayekuwa amewanyang'anya si karasha wala Mamlaka, ni yeye, Ng'walu, kwa kamba zake za katani. Kikiandikwa chochote kuhusu mbegu, jina la kwanza litakuwa lake. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, na mimi namjua, huo ndio ukali wake. "Tia saini. Tukishafika tutajua la kufanya."

Nitasema lililokuwa moyoni. Ningetia. Kalamu ilikuwa mfukoni na miguu yangu ilitaka kwenda popote, na saini ndiyo iliyokuwa karibu. Ningetia saini kwa ajili yake, halafu maisha yangu yote ningeyatumia kuwahesabia watoto wa watu meno na vidole, nikitafuta dalili za sumu.

Sayi akatoka ndani na shati wazi. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake na kusimama mbele yake, kifua mbele, kama anavyofanya kila siku. Mama akaanza kumfunga vifungo kutoka chini. Alifunga cha kwanza, cha pili. Cha tatu kikakaa vidoleni mwake.

"Wakati ule walituambia ni mashetani," alisema. Hakuwa anamwambia Sayi. "Tulimpeleka kwa waganga watatu. Kumbe ni vumbi la nyumbani."

"Ndiyo, mayu."

"Kama angekuwepo mtu aliyejua, akanyamaza..." Hakumaliza. Alifunga kifungo cha tatu na cha nne, akainyoosha kola, akampiga mtoto kofi dogo la mgongoni akacheze. "Andika. Lakini watu nitawaambia mimi mwenyewe. Mbegu ni zangu."

Akaingia ndani. Nilisikia anavuta kitu chini ya kitanda, anaguna. Alitoka na debe la mafuta ya kula lililofungwa kwa nailoni, akaliweka kati yetu na kulifungua. Lilijaa mtama mdogo, uliosinyaa, wa rangi ya majivu, kila aina ya ubovu. Lilikuwa fungu la ndege la mwaka wa pili. Mwaka huo mbegu mbovu zilikuwa nyingi kuliko mahitaji ya pembezoni, akaziweka. Mbegu haitupwi, alisema, hata ya ndege.

*

Jioni hiyohiyo alisimama mbele ya kambi nzima. Sitaki kuusimulia mkutano ule sana. Kuna waliolia. Bwana Luhende, aliyekuwa ameshauza kitanda chake ili mzigo uwe mwepesi, aliuliza kama watu wote wapoteze kwao kwa ajili ya kamba za bibi mmoja. Mama hakumkumbusha kwamba mke wake alisokota nusu ya kamba hizo. Alingoja wote wamalize. Kisha akasema analo debe, na kama itapatikana njia ya kurudi shambani hata mwaka mmoja, atawaonyesha.

Njia niliitafuta usiku na mchana wa Jumatano kwenye kitabu cha sheria, na niliikuta kwenye fomu yenyewe, ambayo nimeijaza mara sitini maishani bila kuisoma.

Alhamisi nikamwekea Bwana Katunzi mezani mzizi, namba na maelezo, jina la mama na langu yote mawili yakiwemo. Alisoma mara mbili. Si mtu mbaya. Ana mabinti wanne na alikuwa ameshanunua mbuzi wa sherehe ya kuwapokea watu Bulangale.

"Bi Nyanzobe," alisema, "nikiipeleka hii leo, kesho wanapigiwa uzio."

"Najua, mkuu."

Alinyanyuka akafunga mlango. Akaniambia taratibu, kama mtu anayenionea huruma, kwamba sheria inahitaji jani la kijani na jani la kijani lipo. Watu warudi, waokoe ardhi yao. Akina mama waambiwe wamwagie maji uwanja kabla ya kufagia, watoto wavae viatu, wasicheze chini. Halafu polepole mbegu mpya itatafutwa.

Nilimjibu kwamba eneo lenye cheti halipewi mbegu tena, anajua. Na mtoto wa miaka miwili hawezi kuambiwa asicheze chini, maana chini ndiko anakoishi. Nikamwambia aje kambini siku moja amfunge mwanangu vifungo, halafu arudi anishauri tena.

Hapo nikaona aibu kidogo, kwa sababu hakustahili yote. Nikamsogezea fomu ya cheti. Nilikuwa nimeshaijaza.

Fomu haiulizi kama shamba lote ni safi. Inauliza urefu na upana wa eneo lililo safi. Sheria inasema ardhi hainyang'anywi endapo walau ekari tano zimethibitishwa na watu wakalala juu yake kabla ya mvua. Kwenye urefu niliandika kilomita nne. Kwenye upana niliandika hatua saba.

Bwana Katunzi aliitazama mpaka nikaanza kugonga kisigino sakafuni.

"Unataka watu wakae kwenye utepe."

"Ekari tano na ushee. Sheria haikutaja umbo."

"Pembezoni mwa sumu? Na vumbi?"

"Si watu wote. Wazee tu, wenye kujitolea, na barakoa. Watoto na wajawazito wabaki kambini hadi katikati pawe zambarau, halafu kijani cha kweli. Inaweza kuwa miaka sita. Inaweza kuwa kumi." Nilimsogezea orodha. "Nimewauliza. Wamejiandikisha kumi na tisa. Wa kwanza ni mama yangu. Amesema mfupa wake umeshakomaa, risasi haina cha kumfundisha."

"Na mbegu iliyorudiwa? Hilo ni kosa, na umeliandika mwenyewe."

"Kosa ni letu wawili. Kambi haimo."

Alifungua droo, akatoa mhuri. Akaniambia atalazimika kunisimamisha kazi, na kwamba watu hao sasa watakula fungu la ndege. Nikasema ndiyo, na ndege ndio pekee waliopata shamba safi. Aligonga mhuri mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza wino haukushika. Kipimo changu nilikirudisha Jumatatu.

*

Mavuno yaliyofuata nilikwenda kumsaidia mama, nikiwa sina cheo, binti wa mtu tu.

Mahema kumi na tisa yalikuwa yamepangwa mstari mmoja ukingoni, kila moja limegeuzia shamba mgongo. Wazee walikuwa wamejifunza kutembea kwa kufuatana, kama wako kwenye tuta, maana hatua ya nane haikuwa yao. Mama alikuwa amekonda. Swali lake la kwanza lilikuwa la Sayi, kama bado anasimama mbele ya mtu na shati wazi, na nilipomwambia kwamba sasa anasimama mbele ya Bwana Luhende, na Bwana Luhende anamfunga, alitikisa kichwa na kujifanya anarekebisha barakoa. Hakuwa amemwona mjukuu wake kwa miezi minane.

Debe lilikuwa limeongezewa mbegu za pembezoni ili zitoshe, na shamba lilikuwa baya. Sijawahi kuona shamba baya namna ile. Mimea ilikuwa imefika kiunoni, imepinda, majani zambarau tupu, yamejikunja kama yaliyopitiwa na moto. Mkulima yeyote angekaa chini akalia. Mimi nilipima udongo wa katikati kwa ile bastola, ambayo Bwana Katunzi alikuwa amesahau kunidai, ikasoma elfu saba na mia nne. Nikapima tena mara tatu, kisha nikamwonyesha mama namba. Hazisomi vizuri bila miwani, lakini uso wangu aliusoma.

Tuliingia mstarini na kamba za katani shingoni. Nilikuwa nimemweleza mara nyingi, na alikuwa amewaeleza wenzake mara nyingi zaidi: sasa tunafunga mabovu. Lililokunywa sana ndilo la mbegu. Alikuwa analijua hilo kichwani. Mikono ilikuwa na elimu yake nyingine. Nilimwona ananyoosha kamba kwenye suke lenye nafuu, anaghairi, anahamia kwenye lililosinyaa, anafunga kwa haraka kama anayeiba. Baada ya kila fundo alijifuta viganja kwenye kitenge.

Kati ya mstari wa tisa na wa kumi tulikutana nao. Mmea mmoja, mrefu kunipita, wa kijani kabisa, umesimama peke yake juu ya ule ubovu wote. Suke lake lilikuwa limejaa, limeinama kwa uzito, punje nyeupe zinang'aa. Kati ya mbegu za debe ilikuwamo moja iliyokuwa na ufunguo, na punje zake peke yake zingetosha kuanza upya uongo wote.

Mama alikuwa ameshaushika. Sidhani kama alijua. Alilishika suke kwa chini, kwa kiganja, kama anavyopima uzito wa mtoto mchanga, na kidole gumba kilikuwa kinapita juu ya punje.

"Tazama huyu," alisema.

"Naona, mayu."

"Miaka sitini na nane. Nimechagua tangu naweza kufikia suke." Aliendelea kulishika. Macho yalikuwa yamemlowa juu ya barakoa na hakuyafuta. "Kata wewe, mwanangu. Mimi siwezi."

Nikatoa panga dogo. Suke lilikatika kwa pigo moja. Nililitia kwenye gunia la tanuri pamoja na shina lake na majani yake ya kijani, nikakaza mdomo wa gunia. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ameshanipa mgongo, ameinama, anatafuta kwa vidole suke bovu kuliko yote ili alifunge kamba.